Msitu ukiungua au ukilazwa na dhoruba, kuondoa miti iliyokufa kunausaidia kurudi au kunauchelewesha?

Kisiki Hai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila moto mkubwa unapopita msituni, au dhoruba inapolaza miti kwa maelfu, hoja ya kwanza kusikika ni kwamba miti ile iondolewe upesi. Sababu zinazotolewa ni mbili, na kwa kawaida huchanganywa: mbao zisiozee porini bure, na ardhi isafishwe ili msitu mpya upate nafasi ya kuota. Sababu ya kwanza sina ugomvi nayo, kwa kuwa ni hesabu ya biashara, na mti uliokufa hupungua thamani kadiri kuvu na wadudu watoboao mbao wanavyouingia. Ninayotaka tuijadili ni ya pili. Naona kwamba kwa sehemu kubwa si kweli, na kwamba ikiachwa bila kuhojiwa, kazi ya biashara huvikwa joho la uhifadhi.

Msitu ulioungua huonekana kama mahali palipokufa pote, lakini mara nyingi sehemu kubwa ya msitu ujao imeshakuwapo siku moto unapozimika. Iko katika mbegu zilizomo ardhini au juu ya matawi, katika mizizi na visiki vinavyoweza kuchipua, katika miche midogo iliyokuwa ikisubiri mwanga chini ya kivuli, na katika miti michache iliyonusurika pembezoni na mabondeni. Mfano unaojulikana sana ni wa hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ambako mwaka 1988 mioto ilipita katika takribani hekta 321,000, yaani asilimia 36 ya hifadhi. Misonobari ya Pinus contorta iliyotawala pale ina, katika baadhi ya miti, koni (matunda magumu yanayobeba mbegu) zilizofungwa kwa utomvu mgumu ambazo hukaa miaka mingi bila kufunguka mpaka joto la moto liyeyushe utomvu ule. Miti ilikufa, mbegu zikamwagika juu ya majivu, na miaka kadhaa baadaye watafiti walihesabu miti michanga ambayo katika sehemu nyingine ilikuwa haipo kabisa na katika sehemu nyingine ilizidi 500,000 kwa hekta moja. Hakuna aliyeingia na trekta kuvuna, wala aliyepanda.

Kinachonisumbua ni pigo la pili. Msitu umejengwa, kwa maelfu ya vizazi vya miti, kuhimili moto wa aina fulani au upepo wa aina fulani. Haukujengwa kuhimili moto na, miaka miwili baadaye, magurudumu, minyororo na magogo yanayoburutwa juu ya miche yenye kimo cha kidole. Baada ya moto ulioitwa Biscuit wa mwaka 2002 huko Oregon, Marekani, uliochoma karibu hekta 200,000, watafiti walipima kuota kwa miche katika maeneo yaliyovunwa na yasiyovunwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Science: mahali pasipovunwa palikuwa na kiwango cha kati cha miche 767 kwa hekta, na baada ya kuvuna idadi ilishuka kwa asilimia 71 hadi 224. Baadhi ya maprofesa wa chuo walichotoka watafiti hao waliliomba jarida lisitishe uchapishaji huo, jambo ambalo kwa maoni yangu liliusaidia utafiti ule kusomwa na watu wengi kuliko ambavyo ungesomwa peke yake.

Naomba michango yenye hoja. Wenye uzoefu wa kuvuna nao wakaribie, kwa kuwa mada hii ikijadiliwa na upande mmoja tu haina faida.

FundiMsumeno

Mkuu Kisiki Hai, nakushukuru kwa kutukaribisha sisi wa upande wa misumeno, ingawa naona umeshatuhukumu kabla hatujaketi.

Utafiti huo wa Biscuit ninaufahamu, na ulijibiwa na wanamisitu wengine katika jarida lilelile. Ulihusu miaka michache tu baada ya moto, tena moto mmoja, na uvunaji wenyewe ulikuwa umecheleweshwa hadi miche ikawa imeshaota. Kama miti ingeondolewa katika miezi ya mwanzo, kabla mbegu hazijachipua, miche iliyosagwa ingekuwa michache. Kwa hiyo kilichopimwa pale, kwa mtazamo wangu, ni gharama ya kuchelewa, wala hakitoshi kuwa hukumu juu ya uvunaji wenyewe.

Pili, umetoa mfano wa msonobari wenye koni zinazofunguka kwa moto, ambao ni mfano unaokufaa wewe. Iko miti mingi ya jamii ya misonobari ambayo haina akiba yoyote ya mbegu juu ya matawi wala ardhini. Moto mkali ukiua miti yote katika eneo pana, mbegu zitatoka wapi? Sehemu kubwa ya mbegu zinazopeperushwa na upepo huanguka ndani ya mita mia moja au mia mbili kutoka kwa mama. Katikati ya eneo kama hilo patabaki vichaka kwa miongo mingi, na hapo fedha inayopatikana kwa kuuza magogo ndiyo inayolipia kupanda. Tatu, miti iliyokufa huanguka. Kumpeleka mtu kupanda miche chini ya mashina makavu yenye kimo cha mita thelathini ni kumhatarishia maisha.

Kisiki Hai

Ndugu FundiMsumeno, hoja ya wakati naipokea bila kigugumizi, na nadhani ndiyo yenye uzito zaidi katika yote uliyosema. Uvunaji unaofanyika mapema, au juu ya theluji au udongo mkavu mgumu, huacha madhara tofauti na ule unaofanyika baada ya miche kuota au wakati udongo umelowa. Hata hivyo, tazama hoja hiyo inakotupeleka. Idhini, tathmini, zabuni, ujenzi wa barabara na kesi za mahakamani huchukua muda, na kwa sababu hiyo uvunaji wa kweli, tofauti na ule wa kwenye maandishi, mara nyingi huja wakati hasa ambapo miche imeota.

Kuna misitu ambayo kuchelewa huko kuna gharama isiyolipika. Chukua mikalitusi mirefu ya Eucalyptus regnans ya jimbo la Victoria, Australia, ambako moto wa tarehe 7 Februari 2009 uliua watu 173 na kuteketeza misitu mingi. Mti huu ni tofauti na ndugu zake wengi: moto mkali ukiupata hufa, hauchipui tena kutoka shinani. Tegemeo lake ni mbegu zilizomo katika vikasha vidogo juu ya matawi, ambazo hudondoka kwenye majivu baada ya moto na kuota kwa wingi. Akiba ile hutumika mara moja. Miche hiyo ikishaota, itahitaji takribani miaka ishirini kabla ya kuzaa mbegu za kutosha. Kwa maana hiyo, trekta linaloingia baada ya miche kuota linaharibu kizazi ambacho nyuma yake hakuna mbegu iliyobaki, na msitu hauwezi kurudi pale bila mtu kumwaga mbegu kwa mkono au kwa ndege. Vilevile mifeni mirefu ya misitu ile, ambayo huungua majani na kuchipua upya kutoka kwenye kichwa cha shina, haistahimili kukanyagwa na mashine. Imepona moto, ikafa kwa uvunaji.

Udongo nao unasahauliwa katika mijadala hii kwa sababu hauonekani kwenye picha. Watafiti waliopima udongo wa misitu hiyo walikuta kwamba athari za moto kwenye virutubisho zinaonekana hata baada ya miaka 80, na za ukataji hata baada ya miaka 30, na kwamba maeneo yaliyopata mapigo yote mawili ndiyo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi.

Mdadisi

Wakuu, naomba kuuliza kama msomaji tu. Mbona mnazungumzia moto peke yake? Dhoruba nayo huangusha miti, na nimesoma kwamba miti ya misprusi, ya jamii ya misonobari, ikiachwa chini huzalisha mbawakawa wanaokula chini ya magome, ambao baadaye huua na miti mizima. Je, hapo napo mtasema iachwe?

Kigogota

Mdadisi, umegusa mahali penye ubishani mkali kuliko pote, na jibu lake linategemea unasimama upande gani wa mpaka wa hifadhi.

Mbawakawa unaowasema, Ips typographus, huzaliana chini ya gome la misprusi iliyoanguka karibuni, ambayo bado ina unyevu lakini haina tena nguvu ya kujitetea kwa utomvu. Gome likishakauka, hawalihitaji. Kwa hiyo kuondoa miti iliyoanguka kuna maana ya kuzuia wadudu ikiwa tu kunafanyika kabla kizazi kipya hakijaruka, yaani ndani ya kiangazi cha kwanza au cha pili. Anayevuna baada ya hapo anavuna mbao, na hilo ni halali mahali panaporuhusiwa, lakini asiseme anapambana na wadudu kwa kuwa wameshaondoka. Mbaya zaidi, pamoja na magogo huondoka wadudu na kuvu wanaowawinda mbawakawa hao.

Hifadhi ya taifa ya Msitu wa Bavaria, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilipata dhoruba kubwa mwaka 1983 na 1984. Mkurugenzi wake wa wakati huo, Hans Bibelriether, alisimamia uamuzi wa kuacha miti iliyoanguka ndani ya eneo la kiini. Katika miaka ya 1990 mbawakawa walisambaa, misprusi mikubwa ikafa katika maelfu ya hekta, na wakazi wa jirani walikasirika sana, kwa kuwa walioneshwa milima ya mashina ya kijivu na kuambiwa kwamba huo ndio uhifadhi. Leo chini ya mashina yale umesimama msitu mchanga uliojiotea wenyewe, wenye misprusi pamoja na miti mingine, wenye miti ya umri tofautitofauti, na ambao nafasi kati ya mti na mti haina mpangilio wa shamba. Jambo ambalo watetezi wa Bavaria hulisahau ni kwamba pembezoni mwa hifadhi pana ukanda wa mamia ya mita ambamo mbawakawa hupigwa vita kwa bidii ili misitu ya majirani isiathirike. Uamuzi wa kuacha uliwezekana kwa sababu kulikuwa pia na mahali pa kutoacha.

FundiMsumeno

Ndugu Kigogota, nafurahi kwamba umeutaja ukanda huo mwenyewe. Niongeze milima ya Tatra nchini Slovakia, ambako upepo wa tarehe 19 Novemba 2004 uliangusha takribani hekta 12,000. Katika baadhi ya mabonde yaliyohifadhiwa magogo hayakuondolewa, na mbawakawa wakatoka humo kwenda kwenye misitu iliyokuwa bado imesimama. Na Sweden, ambako dhoruba ya Januari 2005 iliangusha karibu mita za ujazo milioni 75, sawa na mavuno ya karibu mwaka mzima wa nchi ile, wenye misitu wangeachaje? Kwao msitu ndio akiba ya familia.

Kigogota

Wasingeacha, na wala sisemi wangeacha. Msitu wa kupandwa wa aina moja, uliopandwa kwa ajili ya mbao, hufuata hesabu ya mbao. Hata hivyo, hata pale ipo njia ya kati ambayo haijulikani sana: gogo lililoanguka linaweza kumenywa gome, au gome likachanwa kwa mashine ndogo kwa mistari ya kupita urefu wa shina, likakauka upesi na mbawakawa wakashindwa kuzaliana, huku gogo lenyewe likibaki msituni. Kuchana gome kumeonekana kuharibu viumbe wengine kidogo kuliko kumenya lote.

Kwa wanaopenda takwimu, uchambuzi mmoja uliokusanya data kutoka sehemu nyingi za dunia, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba kuacha asilimia 75 ya eneo lililoathirika bila kuvunwa hulinda takribani asilimia 90 ya spishi ambazo ni za misitu ya aina hiyo pekee, na kuacha nusu hulinda takribani asilimia 73. Viumbe wanaotegemea mbao zinazooza, wakiwamo mbawakawa wasiodhuru mti wowote ulio hai, ndio wanaopoteza zaidi.

Mama Miche

Naomba nichangie upande ambao haujaguswa, ambao ni kazi ya gogo lenyewe katika kulea mche. Watu huona gogo kama kizuizi cha nafasi. Anayefanya kazi ya miche anaona kivuli, unyevu na uzio.

Katika milima ya Sierra Nevada, kusini mwa Hispania, baada ya moto wa mwaka 2005 watafiti waligawanya eneo: sehemu moja miti iliyoungua iliondolewa kwa njia ya kawaida, sehemu nyingine ikaachwa isimame, na nyingine ikakatwa na kuachwa chini bila kubebwa. Miche ya msonobari wa Pinus pinaster iliyojiotea ilistahimili vizuri zaidi mahali mbao zilipobaki. Kiangazi cha huko ndicho kinachoua miche, na matawi na magogo yaliyotapakaa yalipunguza ukali wa jua na kuhifadhi unyevu wa udongo. Pia kuna ndege wa jamii ya kunguru ambao huficha mbegu za mialoni ardhini. Eneo lenye mashina yaliyosimama huwavutia, na mbegu wanazozisahau huota. Mahali ambapo wanyama walao majani ni wengi, rundo la matawi yaliyoanguka hufanya kazi ya uzio usiolipiwa.

Tena tutofautishe kurudi kwa msitu na kurudi kwa mbao. Mlima wa volkano wa St. Helens, nchini Marekani, ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, ulilaza au kuua miti katika eneo la takribani kilomita za mraba 600. Nje ya eneo lililotengwa kwa hifadhi mwaka 1982, kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser iliondoa magogo na kupanda miche ipatayo milioni 18, na leo pale pana msitu mnene wa miti ya umri mmoja. Ndani ya eneo lililotengwa, lenye hekta kama 44,500, mambo yalikwenda polepole na bila mpangilio. Kwenye uwanda wa majivu ulianza mmea mdogo wa lupini, wa jamii ya kunde, ukirutubisha udongo kwa naitrojeni. Panya wachimbaji waliokuwa chini ya ardhi siku ya mlipuko walipandisha udongo wa zamani juu ya majivu. Na miti michanga iliyokuwa bado imefunikwa na theluji ya majira ya kuchipua ilinusurika huku wazazi wake wakivunjwa. Ukitaka mbao, upande wa kwanza umeshinda kwa mbali. Ukitaka vichaka vyenye maua na matunda, ndege, na misitu yenye nafasi wazi, hatua hiyo ya ujana wa msitu ndiyo inayofupishwa na upandaji wa haraka, na ni hatua adimu kuliko watu wanavyodhani.

Mdadisi

Asanteni. Bado nina swali la kawaida kabisa: miti mikavu ikiachwa, si ndizo kuni za moto unaofuata?

Kisiki Hai

Ni swali la haki. Moto husambazwa zaidi na vitu vyembamba vilivyo karibu na ardhi: majani, vijiti, matawi madogo. Shina nene lililosimama haliwaki kirahisi. Uvunaji huchukua mashina na, usipofuatwa na usafishaji, huacha matawi chini kwa mara moja badala ya kuanguka kidogokidogo kwa miaka. Ndiyo maana utafiti wa Biscuit ulikuta vitu vyembamba vimeongezeka baada ya uvunaji. Kwa upande mwingine, baada ya muongo mmoja au miwili, magogo mazito yakishaanguka na kukauka, eneo lisilovunwa huwa na kuni nzito zaidi, ambazo zikiwaka huunguza udongo kwa muda mrefu. Kwa hiyo FundiMsumeno akisema uvunaji hupunguza kuni, anasema kweli kwa miaka ya mbele. Akisema hupunguza hatari mwaka unaofuata, hapo simfuati, isipokuwa matawi nayo yameshughulikiwa.

FundiMsumeno

Hapo tumekubaliana, na nisingependa ijulikane kijiweni kwetu. Lakini kuna jambo mnalikwepa. Mifano yenu kadhaa ni ya miaka ya 1980 na 1990. Hali ya hewa imebadilika. Katika milima ya Rocky, Marekani, watafiti walipochunguza maeneo 1,485 yaliyoungua, sehemu zisizo na mche hata mmoja ziliongezeka kutoka asilimia 19 kwa mioto ya kabla ya mwaka 2000 hadi asilimia 32 kwa mioto ya baadaye. Mnaposema tusubiri msitu ujirudie, mnasubiri kwa kanuni za hali ya hewa ambayo haipo tena.

Mama Miche

Takwimu hiyo ni nzito na sina namna ya kuipunguza. Ila nadhani inatupa sababu ya kupanda bila kutupa sababu ya kusafisha. Kama joto na ukame ndivyo vinavyoua miche, kuondoa kivuli pekee kilichobaki ni kuupanda mche mahali pagumu zaidi.

Ningeanza hivi. Msimu wa kwanza wa kuota upite bila mashine katika sehemu kubwa ya eneo, isipokuwa kandokando ya barabara na njia za watu, ambako miti inayotishia kuanguka ikatwe. Miche na machipukizi yahesabiwe. Kisha ipimwe, kwa ramani, umbali kutoka kila sehemu hadi kwa miti hai iliyo karibu. Ndani ya mita mia moja na kidogo kutoka kwa miti hiyo pasipandwe kitu kwanza. Sehemu za katikati, zilizo mbali na wazazi na ambazo hesabu imekuta tupu, ndizo za kupelekea miche, ikipandwa kwa makundi upande wa kivuli wa magogo yaliyolala. Usalama wa wapandaji aliouzungumzia ndugu yetu unalindwa kwa kulaza mashina ya hatari katika sehemu hizo tu na kuyaacha palepale yalipoangukia.

FundiMsumeno

Na gharama ya kuyalaza bila kuyauza atalipa nani?

Mama Miche

Yule ambaye angelipia kupanda upya miche iliyosagwa. Kama bado haitoshi, uza magogo ya kandokando ya barabara, ambako nimeshasema miti ya hatari ikatwe, mashine ikifanya kazi juu ya barabara yenyewe bila kuingia ndani.

FundiMsumeno

Kwa masharti hayo nitaleta msumeno. Trekta nitaliacha barabarani.